Vinavyohesabika na Visivyohesabika

Mjukuu wangu wa darasa la sita alinijia jioni moja na daftari lake la Kiingereza, uso umemvimba kwa hasira. Mwalimu wao alikuwa amewapa maneno kumi wayagawe mafungu mawili: yanayohesabika upande wa kushoto, yasiyohesabika upande wa kulia. Yeye aliliweka neno "money" upande wa kushoto, akatiwa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu.

"Babu," aliniambia, "kama kuna kitu kinachohesabika duniani, basi ni pesa. Mama anazihesabu asubuhi, anazihesabu mchana, na usiku hatulali mpaka azihesabu tena."

Mama yake ni wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu. Mtoto alikuwa amesema kweli tupu. Nilicheka, lakini kicheko kilinikauka mapema, kwa kuwa ile kalamu nyekundu ilinikumbusha jambo ambalo kwa miaka mingi nimelikwepa kuliandika. Nitalifikia. Kwanza nimjibu mtoto.

Nilimkalisha nikamwuliza: "Mama yako anapohesabu, anasemaje? Anasema pesa moja, pesa mbili, pesa tatu?" Akafikiri, akasema hapana, mama husema elfu kumi, elfu ishirini, elfu thelathini. "Basi," nikamwambia, "anachohesabu ni shilingi na noti. Mwingereza naye hufanya hivyohivyo. Noti anazihesabu, sarafu anazihesabu, shilingi anazihesabu. Lakini 'money' kwake ni kama maji ya mtoni: yapo mengi au machache, lakini huwezi kuyaambia yajipange mstari." Nilipotamka neno "machache" nilijishika ulimi, kwa maana hapo mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nilikuwa nimekosea Kiswahili. Maji hayawi machache. Maji huwa kidogo.

Mtoto hakuliona kosa langu. Alikuwa na swali jingine. "Na mbona maharage yanahesabika na mchele hauhesabiki? Vyote si punje?"

Hapo ndipo mwalimu hutakiwa kuwa mkweli. Kwa muda mrefu niliwaambia wanachuo kwamba kitu kinachohesabika ni kile unachoweza kukihesabu, na kisichohesabika ni kile usichoweza. Maelezo hayo ni mepesi na si ya kweli. Mwenye subira anaweza kuzihesabu punje za mchele katika kibaba kizima, na meza na viti sebuleni vinahesabika hata na mtoto wa miaka mitatu. Hata hivyo Kiingereza kinasema "rice" na "furniture" hazihesabiki. Sarufi haitazami vitu vyenyewe. Inatazama jinsi wenye lugha walivyozoea kuvitazama: hiki tunakiona kimoja kimoja, kile tunakiona kwa jumla yake.

Na mazoea hayo hubadilika. Zamani Waingereza walikuwa na neno "pease", jina la njegere kwa jumla, kama sisi tusemavyo mchele au ulezi. Mwisho wa neno hilo unasikika kama alama ya wingi, basi baada ya muda watu wakadhani ni wingi kweli. Wakakata mkia wakapata "pea", njegere moja. Njegere hazikubadilika shambani; masikio ya watu ndiyo yaliyokosea, na kosa likakaa mpaka likawa kanuni.

Lugha yetu nayo ina mambo yake, ila hatukufundishwa kuyaona. Sisi tunasema watu wengi, viti vingi, maji mengi, unga mwingi, sukari nyingi. Kwa wingi wa kila namna tunatumia mzizi mmoja, "-ingi", tunauvika tu kiambishi cha ngeli. Ndiyo maana "much" na "many" humchanganya mwanafunzi wetu: anaombwa achague kati ya maneno mawili mahali ambapo maisha yake yote alikuwa na neno moja. Lakini ukigeuka upande wa uchache, utaona tofauti ipo. Twasema watu wachache na siku chache, bali maji kidogo na chumvi kidogo. Ukiuliza, wauliza watu wangapi, lakini unga kiasi gani. Mama muuza sokoni ambaye hajaona mlango wa shule hakosei hata mara moja, wakati mimi mwenye vyeti nimeteleza mbele ya mjukuu.

Tena tunavyo vipimo vya kukigeuza kisichohesabika kihesabike. Tuna punje ya mchele, tone la maji, tonge la ugali, mche wa sabuni, chembe ya chumvi. Wazee walikuwa na kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba, ndani ya maneno matano walikuwa wameshatoa somo ambalo mimi nililifundisha kwa vipindi sita: kwamba kile kisichohesabika, ukikipatia chombo, kinahesabika. Na mkahawani mteja huagiza chai mbili na maji makubwa mawili, mhudumu akaleta vikombe viwili na chupa mbili bila kuuliza sarufi. Waingereza nao huagiza "two teas" vivyo hivyo. Ukuta kati ya mafungu mawili ya mjukuu wangu una milango mingi.

Sasa tazama makosa ya wanafunzi wetu. Wanaandika "informations", "furnitures", "equipments", "luggages", "advices", "homeworks". Miaka yote niliyafuta kwa kalamu nyekundu kama mtu anayeua mchwa, wala sikujiuliza yanatoka wapi. Yanatoka nyumbani. Habari kwetu zinahesabika: leo nina habari mbili, moja njema na moja mbaya. Samani ni hizi, vifaa ni hivi, mizigo ni mitatu. Mtoto anayeandika "informations" si mjinga. Amechukua habari zake kutoka kwao, akazivusha mto zikiwa nzima, zote mbili. Hata Mfaransa husema hivyo, maana katika lugha yake habari huhesabika, wala hatumwiti mjinga kwa ajili hiyo.

Mwaka 1942 ilichapishwa Tokyo kamusi ya Kiingereza iliyotungwa na A. S. Hornby na wenzake wawili, walimu waliofundisha Kiingereza huko Japani. Baada ya miaka sita Oxford wakaichapisha upya, na vizazi vya walimu wa kwetu wakailea kama Msahafu. Kamusi hiyo iliweka herufi C penye nomino inayohesabika na herufi U penye isiyohesabika. Kamusi ambazo Waingereza walijitungia wenyewe kwa kawaida hazikuwa na alama hizo, kwa kuwa mtoto wa Kiingereza hana haja ya kuambiwa. Alama zile zilizaliwa kwa ajili ya mgeni, na waliozibuni walikuwa walimu waliokaa darasani na Wajapani wakasikiliza wanakosea wapi. Yaani kosa la mwanafunzi ndilo lililomfundisha mwalimu. Ningelijua hilo mapema ningelikuwa mwalimu bora.

Kanuni nyingine niliyoilinda kama askari ni ile ya "fewer" na "less": ya kwanza kwa vinavyohesabika, ya pili kwa visivyohesabika. Nimewakata wanachuo alama nyingi kwa ajili yake. Uzeeni, nikiwa na nafasi ya kusoma, nikagundua kwamba kanuni hiyo ilianza kama maoni ya mtu mmoja, Robert Baker, aliyeandika mwaka 1770 kwamba yeye anaona "fewer" ingefaa zaidi. Aliisema kwa upole, kama mtu anayetaja apendacho. Na katika maandishi ya wakati wa Mfalme Alfred, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, "less" ilikuwa tayari ikitumika penye maneno ya kuhesabika. Sisemi kanuni isifundishwe. Mtihani upo, na mtoto lazima ashinde. Nasema tu kwamba niliishika kwa mkono mzito kuliko yule aliyeianzisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania, wakaikuta mbaya sana: wanafunzi wa sekondari wengi hawakuielewa lugha waliyofundishiwa. Habari hizo zilitufikia vyuoni, nasi tuliozoesha walimu tukajiona tumetajwa kwa majina. Baada ya muda niliteuliwa kuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Nilikuwa kijana bado, mwenye ari, na nikaweka utaratibu wangu. Maombi yote ya wanachuo kwa mkuu wa chuo yaandikwe kwa Kiingereza, na ombi lenye makosa ya sarufi lirudishwe liandikwe upya. Wakufunzi wenzangu waliusifu utaratibu huo. Nami nilijisifu.

Alhamisi moja jioni, nikiwa nimebakiwa na rundo la karatasi mezani, mwanachuo wa mwaka wa pili alibisha hodi. Alikuwa kijana mpole, wa kutoka kijiji cha mbali. Akanipa shikamoo, akaweka barua mezani kwa mikono miwili, akasimama kando. Barua ilikuwa fupi. Naikumbuka yote, nami naiandika hapa kama alivyoiandika: "I have received bad informations from home. My mother is very sick. She has a little strength. I am asking for few days."

Nilichukua kalamu. Nikaifuta "s" ya "informations". Nikaikata "a" iliyotangulia "little". Nikaongeza "a" mbele ya "few". Masahihisho matatu, na yote matatu yalikuwa sahihi. Hata leo ningeyatetea mbele ya mwalimu yeyote. Chini nikaandika kwamba aandike upya, nikamrudishia bila kuinua uso.

Ni vyema nieleze masahihisho hayo kwa msomaji asiyekijua Kiingereza, kwa sababu jambo lote limo humo. Mwingereza akisema "a little strength" ana maana nguvu zipo, kidogo lakini zipo, na kuna tumaini. Akisema "little strength" bila ile "a", ana maana nguvu zimekwisha, zilizobaki si za kutegemewa. Vivyo hivyo "a few days" ni siku kadhaa, bali "few days" ni siku zisizofika popote. Kwetu tofauti hiyo huibebi kwa herufi. Huibeba kwa sauti, kwa neno "tu", kwa kuguna, kwa jinsi mtu anavyotazama chini anaposema "ana nguvu kidogo". Kijana yule alikuwa ametazama chini. Mimi nilikuwa natazama karatasi.

Katika Kiingereza chake chenye makosa alikuwa ameandika kwamba mama yake bado ana nguvu kiasi. Mimi nikalifuta tumaini hilo kwa kalamu yangu, kwa kuwa nilijua alichokusudia. Naam, nilijua. Huwezi kusahihisha sentensi ile bila kujua kwamba mama yu karibu kufa. Kwa mkono wangu mwenyewe niliandika kwamba mama huyo hana nguvu, na baada ya kuandika bado sikuisoma barua.

Basi la kwenda wilayani kwao lilikuwa na siku zake, Jumanne na Ijumaa, nalo liliondoka alfajiri. Sikuuliza. Kijana alikwenda bwenini, akaiandika barua upya kwa mwandiko mzuri, akaniletea Ijumaa asubuhi nilipofungua ofisi. Haikuwa na kosa hata moja. Niliitia sahihi, nikagonga mhuri, nikampongeza. Nakumbuka nilimpongeza. Basi lilikuwa limeondoka saa tatu kabla. Alisubiri mpaka Jumanne, akafika kwao Jumatano, akakuta mama yake amezikwa Jumatatu.

Haya niliyajua baadaye, kwa kinywa cha mlezi wa bweni. Kijana mwenyewe aliporudi alipita ofisini kutoa taarifa ya kurejea, kama kanuni ilivyotaka, akasema, "Ahsante kwa ruhusa, Mwalimu." Nilimpa pole. Sikupata la ziada. Wiki hiyohiyo nilifuta utaratibu wangu, nikatangaza kwamba mwenye msiba au mgonjwa aje kwa lugha yoyote, saa yoyote, hata kama ni usiku wa manane. Wakufunzi walidhani nimelegea. Sikuwaeleza sababu, na huo ulikuwa woga wangu wa pili.

Miaka ikapita. Mwaka 1997 nilizunguka kusimamia wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nikafika shule moja ya msingi iliyo mbali na barabara kuu. Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la sita alikuwa yeye. Mwanachuo wetu aliwekwa chini yake ajifunze, nami nikaketi nyuma ya darasa pamoja na mwanachuo huyo kumtazama mwenyeji akifundisha kipindi cha kwanza.

Katikati ya kipindi mvulana mmoja aliyechelewa alisimama mlangoni. Darasani mwake sheria ilikuwa kuzungumza Kiingereza. Mtoto akajikaza, akasema, "Teacher, I have an information."

Nilimwona mwanachuo wetu akiandika kosa hilo kwenye daftari lake, kama nilivyomfundisha. Mwalimu yule aliweka chaki mezani. Akamwendea mtoto mpaka mlangoni, akainama kidogo, akamwuliza kwa Kiswahili, "Habari gani, mwanangu?" Mtoto akasema mdogo wake amezidiwa na homa na nyumbani hakuna mtu mzima. Mwalimu akamwuliza tangu lini, nani yuko naye sasa, wameshampa maji. Kisha akamtuma kwa mwalimu mkuu, akamwamrisha mtoto mwingine mkubwa amsindikize. Walipokwisha kwenda alirudi ubaoni, akaandika neno "information", akalifundisha dakika kumi, vizuri kuliko nilivyowahi kulifundisha mimi. Alitumia mahindi na unga wa mahindi vilivyokuwa katika makopo mezani. Hakumtaja yule mtoto hata kwa ishara.

Tulipokuwa tukinywa chai ofisini, tukiwa wawili tu, nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyatunga maneno hayo kwa zaidi ya miaka kumi, na yalipotoka yalikuwa machache. Alinyamaza akikoroga chai. Kisha akasema, "Mwalimu, ile barua ya pili, uliyoitia sahihi, ninayo hadi leo. Ndiyo barua yangu ya kwanza ya Kiingereza isiyo na kosa."

Mpaka sasa sijui kama alinisamehe au alinihukumu. Sikuthubutu kumwuliza. Tulizungumza habari za shule, akanisindikiza hadi kwenye gari, akanipa mkono.

Nawaandikia hasa walimu wenzangu, kwa kuwa najua kalamu nyekundu ilivyo tamu mkononi. Kosa la sarufi linaweza kusubiri dakika kumi. Kesho litakuwa palepale, wala halitaharibika. Habari iliyobebwa na kosa hilo pengine haina kesho. Msomeni mtoto kwanza, ndipo msahihishe. Wala msiache kusahihisha, kwa maana yule mwalimu wa kijijini hakuacha.

Mjukuu wangu alikuwa bado ananisubiri na daftari lake. Nilimwambia mwalimu wake yuko sahihi, "money" ihamie kulia. "Lakini kesho," nikamwambia, "usilipeleke daftari kimya kimya. Mweleze mwalimu kwa nini uliiweka kushoto. Mwambie kazi ya mama."

Kesho yake jioni alirudi, akatupa mkoba kitini, akaenda moja kwa moja jikoni kutafuta chakula. Nilimfuata nikamwuliza mwalimu alisemaje. Akasema, mdomo umejaa, kwamba mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akamwuliza mama anahesabu pesa za nani.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia za watu, Babu. Zetu ni kidogo."

Alisema kidogo, hakusema chache. Hakuna aliyemfundisha.